Bibi, wazazi na wajukuu kwenye hoteli moja: maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu hoteli za paki za michezo Dubai na Abu Dhabi

Tangu turudi, simu haipumui. Tulikwenda watu tisa kutoka Kigoma: mama yangu wa Ujiji, miaka 71 na magoti yake, baba mkwe, mimi na mume wangu, wifi yangu, na watoto wanne kuanzia wa miaka 2 mpaka wa 14. Mimi Dubai naijua ya mzigo, naenda kuchukua vitenge na vyombo, nalala Deira chumba cha bei rahisi nageuza. Kumpeleka mama ni habari nyingine kabisa, hilo nililijua nikiwa nimeshachelewa. Basi haya hapa maswali yote sehemu moja, someni kwanza kabla ya kupiga.

## Ya mwanzo

Hoteli ya paki ni ipi, si hoteli tu kama nyingine?

Ni hoteli iliyojengwa ndani ya paki au mlangoni mwake, na mara nyingi ukilala pale unapata kuingia paki bure au kwa punguzo. Mfano mkubwa ni Atlantis The Palm, ile iliyofunguliwa 2008 kwenye kisiwa cha mtende. Ukilala pale paki ya maji ya Aquaventure unaingia bure siku zote za kukaa kwako, hata siku ya kufika na siku ya kuondoka, na lile tangi lao kubwa la samaki pia. Legoland Hotel, iliyofunguliwa 2022, iko mlangoni mwa Legoland kabisa, na jirani yake kuna hoteli nyingine, Lapita. Upande wa Abu Dhabi kuna kisiwa cha Yas, hoteli zimekaa pamoja na paki nne ziko pale pale.

Si kila paki ina hoteli yake. IMG Worlds, ile ya ndani ya jengo, utaenda kwa teksi utarudi kwa teksi.

Kwa nini nilipe hela yote hiyo wakati Deira kuna vyumba rahisi?

Kama mnakwenda watu wazima watupu, msilipe, laleni Deira. Lakini ukiwa na mzee fikiria hivi: paki ni ya watoto, yeye hatapanda mtelezo wala treni ya kupinduka, saa nne asubuhi tu ameshachoka anataka kujinyoosha. Kama hoteli iko mwendo wa saa nzima kwa gari, ama mzee akae kwenye benchi la paki mpaka jioni kama mzigo uliosahaulika stesheni, ama mtu mzima mmoja ajitoe amrudishe na siku yake iishie hapo. Hoteli ikiwa mlangoni, mama anaondoka mwenyewe na kadi yake ya mlango, analala, anasali, anarudi saa kumi jua likipungua. Mdogo wa miaka 2 naye vile vile, usingizi wake wa mchana hauna mjadala.

Kwa hiyo mimi nasema hoteli ichaguliwe na magoti ya bibi, halafu watoto watafurahi popote, watoto wetu wameoga Ziwa Tanganyika tangu hawajaanza shule, mtoto wa Kibirizi ukimuwekea beseni la maji anafurahi.

Sasa tuchague ipi kati ya hizo?

Inategemea wajukuu wana umri gani na wazee wako wanapenda nini, ila maoni yangu ni haya.

Wajukuu wakiwa chini ya miaka 12 wengi, Legoland. Paki yenyewe imetengenezwa kwa watoto wa miaka 2 mpaka 12, michezo haitishi, na vyumba vya hoteli vina sehemu ya kitanda cha wakubwa na sehemu ya vitanda vya watoto. Ubaya wake, kijana wa miaka 14 atakununia siku tatu. Wangu alinuna. Hapo karibu kuna Motiongate yenye michezo ya kasi, mpeleke huko siku moja mapatano yarudi.

Umri ukiwa umechanganyika na wazee wawili au zaidi, mimi naenda Yas bila kufikiria mara mbili. Ferrari World (2010), Warner Bros. World (2018) na SeaWorld (2023) karibu zote ziko ndani ya majengo yenye kiyoyozi, na Yas Waterworld (2013) ndiyo ya nje. Kuna basi la bure la kuzungusha wageni kati ya hoteli na paki, na Ferrari World imeungana na Yas Mall, kwa hiyo kijana anakimbizwa na treni la kilomita 240 kwa saa huku bibi amekaa mol anakula aiskrimu. SeaWorld ndiyo mama aliipenda kuliko vyote, alikaa mbele ya kioo cha samaki muda mrefu halafu akauliza kama hapo hakuna migebuka, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika.

Atlantis ni nzuri, sikatai, na kama watoto wako ni wa maji tu basi usihangaike tena, maana tiketi za Aquaventure za watu tisa kwa siku tatu ukizipigia hesabu utaona chumba kinaanza kueleweka. Lakini ni kubwa mno. Kutoka chumbani mpaka kwenye chai ni safari, kuna siku baba mkwe alisema bora angetembea Mwanga mpaka Gungu kule kwetu Kigoma.

Si Disney nao wanajenga Abu Dhabi? Tusubiri?

Walitangaza Mei 2025 kwamba watajenga pale pale Yas. Kujenga paki ni miaka. Mama yako anasubiri?

Twende mwezi gani?

Shule zetu zinafunga Juni na Desemba, na hapo ndipo shida ilipo. Juni joto linapita nyuzi 40 na si joto kavu la Tabora hilo, ni la unyevu, unatoka nje miwani inaganda ukungu. Hoteli bei zinashuka ndiyo, ila mzee hatoki nje. Ukienda Juni chagua Yas kwa sababu ya paki za ndani. Desemba hali ya hewa ni tamu kweli, jioni bibi atataka kitenge cha kujifunika, lakini dunia nzima inakwenda Desemba na bei zinapanda hasa kuanzia Krismasi. Sisi tulikwenda wiki ya kwanza ya Desemba tu shule zilipofunga, kabla ya wazungu kuanza sikukuu. Angalieni tarehe 2 Desemba ni sikukuu yao ya taifa, hapo napo panajaa.

## Vyumba

Watu tisa tunahitaji vyumba vingapi?

Vyumba vingi vya kawaida vinaruhusu watu wazima wawili na watoto wawili, au watatu wakubwa kwa kitanda cha kuongeza. Usijaze watu kimya kimya ukidhani utawapitisha usiku, pale kila mtu mpaka mtoto mchanga anatoa pasipoti risepsheni.

Sisi tulichukua vitatu: mama na wifi na binti wa 14, baba mkwe na wajukuu wawili wa kiume, sisi na mdogo. Njia nyingine ni apatimenti ya hoteli ya vyumba viwili vya kulala, ina sebule, jiko na mashine ya kufulia, na kwa familia ya watu sita saba mara nyingi inatoka rahisi kuliko vyumba vitatu. Nyingi haziko mlangoni mwa paki lakini, kwa hiyo rudi kwenye lile swali la Deira upime.

Nikiandika kwenye buking kwamba vyumba viwe pamoja, inatosha?

Haitoshi, na hapa ndipo nilipoumia. Kuna vyumba vya jirani na kuna vyumba vyenye mlango wa ndani unaounganisha kimoja na kingine, hivyo ni vitu viwili. Na hata ukiomba, kwenye mtandao ile ni ombi tu, si ahadi. Hoteli yetu ya kwanza Dubai, sitaitaja, tulifika saa saba usiku tukapewa vyumba viwili ghorofa ya 4 na kimoja ghorofa ya 11. Mama yangu hajawahi kupanda lifti peke yake. Nililala na mama, mume wangu akalala na watoto watatu, asubuhi tukaanza kugombana na kaunta watu tumevimba macho.

Fanya hivi: ukishabuku, andika imeili kwa hoteli yenyewe, si kwa wale waliokuuzia, uliza "mnathibitisha vyumba vyenye mlango wa ndani?" na jibu lao liprinti ubebe. Hoteli zingine zinathibitisha kabisa, zingine zitakwambia tutajaribu. Inayosema tutajaribu, achana nayo kama una mzee.

Bibi alale na nani?

Muulizeni yeye. Sisi tulimpangia mama alale na watoto wadogo kwa sababu anawapenda, kumbe naye amekwenda kupumzika, usiku wa pili akasema "mwanangu, mimi nimelea, nimemaliza." Tukahamisha. Kwenye hizi safari bibi anageuzwa yaya bila mtu kusema neno, halafu mnarudi nyumbani mnajisifu mmempeleka kutembea.

Bafu linahitaji kuangaliwa nini?

Beseni la kuogea. Vyumba vingi shawa imewekwa ndani ya beseni refu, mzee anatakiwa kuruka ukingo na miguu imelowa, huo ni mtego. Omba chumba chenye shawa ya sakafuni, na kama anatumia kiti cha magurudumu omba chumba cha walemavu, wenyewe wanaita wateja hao "people of determination", ukitumia neno hilo kwenye imeili wanakuelewa haraka. Habari njema ni kwamba karibu kila choo kule kina mpira wa maji pembeni, kwa hiyo ule wasiwasi wa karatasi tupu haupo.

## Chakula, sala na stara

Bibi atakula nini?

Nyama ya kwenye mabufee kwa kawaida ni halali, na nyama ya nguruwe ikiwepo inawekwa pembeni na kuandikwa. Wali, maharage ya Kihindi, samaki, mkate, vipo. Ugali hakuna. Mama siku mbili alikuwa mzima, ya tatu akaanza kusema tumbo halijajaa.

Chukueni chai ya asubuhi pamoja na chumba, usiku mtaamua wenyewe. Wale wa kulipia milo yote mitatu, kwa wazee na watoto mnatupa hela, hawali kiasi hicho.

Naweza kubeba dagaa na mawese?

Unga na dagaa wakavu waliofungwa vizuri sisi tulibeba, kidogo, kwenye begi la kupakia chini, tukapita. Mawese fungeni mara tatu jamani, wifi yangu bado analia na dira lake jeupe. Ila kupita ni kitu kimoja na kupika ni kingine, chumba cha hoteli ya paki hakina jiko, kina birika la chai tu. Na kwenye apatimenti ukikaanga dagaa washa feni ya jiko na ufunge mlango wa chumbani, king'ora cha moshi hakijui dagaa wa Kigoma.

Pombe ipo hotelini? Mzee wangu hataki hata kuiona.

Hoteli nyingi kubwa za paki zinauza kwenye baa na migahawa yake. Zipo hoteli zisizouza kabisa, kwa mfano zile za jina la Rayhaan za kampuni ya Rotana, ila hizo si za paki. Kwetu baba mkwe alitazama upande mwingine wiki nzima, shingo ikazoea.

Mama anaweza kuingia kwenye maji na stara yake?

Anaweza. Burkini zinaruhusiwa, utaona wanawake wengi wamevaa. Kinachokataliwa ni nguo ya kawaida, dira au kanga ya pamba, kwa sababu za usalama na usafi wa maji, kwa hiyo nunueni burkini ya kitambaa cha kuogelea kabla, za dukani kwenye paki bei yake itakutoa jasho. Mama alisema haingii. Siku ya mwisho aliingia kwenye ule mto wa kuelea na boya, akazunguka mara nne, na picha amekataza nisimtumie mtu.

Sala?

Chumbani tafuta mshale wa kibla, uko darini au ndani ya droo. Mol na paki zina vyumba vya kusalia. Hili ndilo swali lililotusumbua kidogo kuliko yote.

## Miguu na usafiri

Mama hawezi kutembea mbali, itakuwaje ndani ya paki?

Paki zinakodisha wilchea mlangoni na zinaisha mapema, fikeni wakati wa kufungua. Mzee wako ataikataa, atasema yeye si mgonjwa. Kodisheni mseme ni ya kubebea mabegi. Saa sita mchana mtaona nani amekaa.

Kwenye ndege hivyo hivyo, ombeni wilchea wakati wa kukata tiketi, ni bure, na faida yake nyingine ni kwamba anayesukumwa anapitishwa njia ya mkato pamoja na msindikizaji wake. Uwanja wa Dubai ni mkubwa, usimjaribu mama.

Tunatokaje Kigoma?

Treni ya reli ya kati tunaipenda wote, ila kwa mzee anayekwenda kuunganisha ndege ya nje ni kama siku mbili za kutikiswa, halafu ikichelewa tiketi ya Dubai haikusubiri. Watu wa Tabora mnaweza kusogea mpaka Dodoma kwa basi mkapanda SGR, hiyo ni raha. Sisi tulipanda ndege Kigoma mpaka Dar, tukalala Dar usiku mmoja kwa ndugu, kesho yake ndiyo Dubai, saa tano na nusu hivi angani. Ule usiku wa Dar msiufute ili kuokoa hela, ndio uliomfikisha mama akiwa na tabasamu.

Mkienda Yas angalieni pia ndege za kutua Abu Dhabi moja kwa moja, uwanja uko dakika chache tu kutoka kisiwani. Ukitua Dubai unaongeza kama saa nzima ya barabara.

Watoto kwenye teksi?

Sheria yao mtoto chini ya miaka 4 awe kwenye kiti chake cha gari, na chini ya miaka 10 hakai mbele. Watu tisa hamtoshi teksi moja hata ile kubwa, agizeni basi dogo kupitia hoteli na mtaje kiti cha mtoto.

## Hela

Mbona bei ya mtandaoni na ya kaunta hazifanani?

Kwa sababu ya vile vidogo vidogo. Dubai juu ya bei ya chumba kuna asilimia 10 ya huduma, 7 ya manispaa na VAT ya asilimia 5. Mitandao mingine inajumlisha, mingine inakuonyesha bei uchi. Halafu kuna ada ya utalii inayolipwa hotelini, dirhamu 7 mpaka 20 kwa kila chumba cha kulala kwa usiku kutegemea nyota za hoteli. Vyumba vitatu vya nyota tano kwa siku tano ni dirhamu 300, dola moja ni kama dirhamu 3.67, kwa hiyo dola 80 na zaidi ambazo hukuziweka kwenye bajeti.

Dipoziti ni nini, si nimeshalipa?

Umelipa chumba. Dipoziti wanaishikilia kwa ajili ya friji ndogo na uharibifu, kwa kila chumba, na wanataka kadi. Ukitoa kadi ya kawaida ya benki hela inakaa imeshikwa siku kadhaa hata baada ya kuondoka, wengine wiki mbili, usiitegemee kwa shopingi. Ulizeni kama wanapokea taslimu, na waambieni watoto lile friji si la bibi.

Nani alipe nini kwenye ukoo?

Ah. Hili watu wananiuliza kwa kunong'ona. Sisi tulikubaliana kabla, kwa maandishi kwenye grupu la familia: kila nyumba inalipa tiketi zake za ndege na pasipoti zake, pasipoti shilingi 150,000 kila moja, vyumba vinagawanywa kwa vichwa vya watu wazima, wazee hawalipi kitu. Aliyeona hoteli ni ghali alisema mapema akapunguziwa siku, hakuna aliyenuna. Ninalolijutia ni kutoweka mfuko wa pamoja wa vitu vidogo, maji, teksi, aiskrimu, maana kila mara aliyekuwa karibu na kaunta ndiye aliyetoa na mara nyingi alikuwa wifi, na wifi hasemi, anaandika.

## Ya pembeni pembeni

Je, bibi akisema hataki kabisa kuingia paki?

Basi usimnunulie tiketi, ila hapo ndipo utajua kama umechagua hoteli vizuri. Angalia kama ina bustani yenye kivuli, sehemu ya kukaa akaona watu wakipita, bahari kwa karibu. Mama alipata rafiki wa Kisudani lobini, hawakuelewana lugha hata chembe zaidi ya salamu na alhamdulillahi, wakakaa pamoja asubuhi tatu.

Mjukuu ana urefu wa sentimita 118, watamruhusu?

Michezo mingi mikubwa ya maji inataka 120 na wanapima na fimbo, hawana huruma. Mpimeni nyumbani, muelezeni kabla ya kufika, na chagueni paki kulingana na hapo juu kwenye swali la tuchague ipi. Viatu vya soli nene havisaidii, wanavua.

Dawa za mzee za presha na maumivu?

Za presha bebeni kwenye boksi lake na barua ya daktari. Za maumivu kuweni makini sana, dawa zenye kodeini na tramadoli kule zinadhibitiwa, inatakiwa kibali cha serikali yao kabla ya kusafiri. Mzee akikwambia "kidonge changu tu kile cheupe", fungua boksi usome jina. Na mirungi hata kwa utani usibebe.

Bibi na babu wanaweza kwenda na wajukuu bila sisi?

Wanaweza, ila wape barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili iliyopigwa muhuri wa wakili, na nakala za vyeti vya kuzaliwa. Kisha waandikie hoteli majina ya wanaolala kila chumba. Chagueni hoteli ndogo, Atlantis na wazee wawili na watoto watatu sitaki hata kuifikiria.

Chaja zetu zitaingia ukutani?

Zitaingia, pini tatu kama za kwetu. Saa tu ndiyo mbele kwa saa moja, simu ya mama hatukuibadilisha, akawa anaamka kwa saa ya Ujiji na kuikuta chai imekaribia kuondolewa.